Ombi la Kumthibitisha Mwizi Aliyemwandikia Kaka Yangu

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Usalama wa Mitandao,
Ghorofa ya nne, mlango unaotazamana na lifti namba mbili (ile isiyokwama).

Mheshimiwa Mkuu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TANGAZO UNALOTAKA KULITUMA KESHO, PAMOJA NA OMBI DOGO

Pokea salamu zangu kutoka huku juu kwenye chumba cha mashine, ambako mimi ni mzima kama kamba mpya ya lifti. Nianze kwa kukueleza unashughulika na mtu wa aina gani, maana kwenye faili langu hawajaandika. Mimi ni mtu wa bahati. Wengine wamezaliwa na nyota, mimi nimezaliwa na anga zima. Na bahati yangu kubwa ni hii: maishani mwangu sijawahi kumwomba mtu radhi, na bado kila niliyegombana naye hurudi mwenyewe, taratibu, kama lifti iliyoitwa. Mke wangu alirudi hivyo. Kinyozi wangu alirudi hivyo. Hata fundi wa jenereta, ambaye tuliwahi kurushiana maneno mpaka spana zikaona aibu, alirudi mwenyewe kuazima bisibisi. Nimefanya kazi kwenye majengo marefu ya miji mingi, nimepandisha wakubwa na kuwashusha, nimeiona dunia kwa juu na kwa chini, na popote nilipokuwa bahati hiyo haikuniacha. Wiki hii imenirudishia kaka yangu.

Wewe sasa unataka kumwondoa. Ndiyo sababu ya barua hii.

Naandika kwa kalamu kwa kuwa mimi na kompyuta tumeshauriwa tusikutane mara kwa mara. Na ingawa mkasa wenyewe unaujua, naomba niueleze tena kwa kifupi, isije barua ikaangukia mikononi mwa mtu mwingine akadhani mimi ni mjinga tu, bila kujua ujinga wangu una utaalamu ndani yake.

Mambo yalikuwa hivi. Shirika limempa kila mfanyakazi anuani ya baruapepe, na sisi mafundi tukaambiwa tuitumie kuripoti hitilafu. Mimi kwa kuwa sina ubaguzi niliifanya ya shughuli zote: hitilafu za lifti, hitilafu za ukoo, salamu za wakwe, picha za watoto. Basi asubuhi moja ikaingia barua yenye nembo ya shirika, imenyooka kama askari wa gwaride. Ilisema akaunti yangu imefungwa kwa ajili ya usalama, kwamba mwenye kuifungua ni mimi peke yangu, na nisipoweka pasiwedi kabla ya jioni itafutwa.

Sasa hapo mtu wa ofisini angeweza kushtuka. Mimi nimelelewa na lifti. Kwetu, fundi akitaka kuingia kwenye shimo la lifti, anazima swichi kuu, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na kuning'iniza kadi nyekundu: "Fundi yumo ndani, usiwashe." Kufuli hilo haliguswi na mtu mwingine, hata awe mkurugenzi, hata awe na haraka ya kwenda kujifungua. Aliyefunga ndiye anayefungua. Sheria hiyo imeokoa vichwa vingi, changu kikiwemo. Kwa hiyo niliposoma kwamba kuna kufuli lenye jina langu, na kwamba mimi peke yangu ndiye wa kulifungua, sikuuliza nani amelifunga. Nilikwenda kulifungua kwa unyenyekevu wote wa kazi. Nikaweka pasiwedi. Ukurasa ukaniambia ahsante. Nikajisemea, hawa watu wana malezi.

Ahsante ile ilikuwa ya mwizi. Kufika adhuhuri alikuwa ameshawaandikia watu wote waliomo kwenye akaunti yangu, kwa jina langu, maneno haya ambayo sasa nayajua kwa moyo:

"Ndugu mpendwa, habari za siku nyingi. Nisamehe kwa ukimya wangu. Nimekwama mahali pabaya na aibu inanizuia kumwambia mtu mwingine. Tafadhali, nahitaji msaada wako. Fungua hapa uone namna ya kunisaidia."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa malalamiko.

Lalamiko la kwanza. Kwenye mafunzo ya Jumanne ulitundika ukutani, kwa ile projekta, mfano wa mfanyakazi aliyetapeliwa. Kwa wema wako uliziba jina langu kwa mstari mweusi. Pasiwedi uliiacha. Ilisomeka FUNDIHODARI1, herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, kwa sababu mafundi humu tuko wengi lakini anayejiita hodari ni mmoja. Tangu siku ile sina jina lingine. Mlinzi wa getini ananifungulia geti huku akiuliza, "Karibu Hodari Moja, Hodari Mbili hajambo?" Nakubali kwamba pasiwedi ile ilikuwa nyepesi, mtu yeyote angeweza kuibahatisha. Lakini niliichagua ili kila asubuhi nianze kazi na neno jema. Kama kungekuwa na mtu humu ndani wa kunitamkia neno hilo, nisingelazimika kuliandika mwenyewe.

Lalamiko la pili linahusu zile dalili za barua ya mwizi ulizotufundisha. Ulisema, barua ya mwizi ina haraka. Ina vitisho. Haitaji jina lako. Inakupa linki ubofye, na ile linki ukiifuata inakupeleka kusiko. Mwisho inakuomba siri yako. Nilisikiliza kwa masikio yote mawili na niliporudi kazini nikaanza kuzitumia, maana mimi nikifundishwa nafundishika. Matokeo yake nimegundua kwamba nimezungukwa na wezi watupu. Ujumbe wa mke wangu: "Njoo sasa hivi, la sivyo utajua." Haraka, vitisho, na jina langu halimo. Barua ya ofisi ya utumishi: "Kwa wahusika wote, asiyejaza kabla ya saa nane asitulaumu." Barua ya mkurugenzi ndiyo kabisa, haina hata salamu, imeanza na kazi na kuisha na kazi, kama mtu anayekupita kwenye korido bila kukuona. Zote nilizipeleka kwenye kitengo chako kama ulivyoagiza. Ukaniandikia kuwa mkurugenzi si mwizi. Nilipokea kwa heshima.

Halafu ikaja barua isemayo, "Badilisha nywila yako leo, bofya hapa, vinginevyo akaunti itasitishwa." Nikacheka peke yangu huku juu. Nikasema, mara hii hamnipati. Nikaifuta, nikamwonya fundi wa jenereta, nikamwonya na mlinzi. Kumbe barua ile ilikuwa yako. Sasa Mheshimiwa, nakuuliza kama mtoto anavyomuuliza mama yake: kama mwizi anaandika kama wewe, na wewe unaandika kama mwizi, sisi wa katikati tufanye nini? Tena mwizi angalau aliniita mpendwa.

Lalamiko la tatu lilihusu viti vya ukumbini na nimelifuta. Hayo tutayamaliza siku tukikutana kwenye lifti.

Lalamiko la nne nalitoa dhidi ya ndugu, jamaa na marafiki zangu wote ambao hawakutapeliwa. Wewe uliwapongeza mbele ya watu kwa umakini wao. Mimi nilikwenda kuwauliza mmoja mmoja wamejuaje kwamba barua si yangu. Nilitegemea waniambie habari za linki, au anuani, au nembo. Hakuna hata mmoja aliyeitazama linki. Mke wangu alisema, bila kuacha kukunja nguo, "Niliona neno tafadhali, nikajua umeibiwa." Mama mkwe alisema anayeuliza habari za siku nyingi hawezi kuwa mkwe wake, kwa sababu mkwe wake hajawahi kumuuliza habari, yeye humpa zake. Shemeji yangu aliisoma kwa sauti mezani, na ilipofika kwenye "nisamehe" nyumba nzima ikaangua kicheko. Fundi wa jenereta ndiye aliyeniumiza zaidi, kwa kuwa alisema kwa upole: "Wewe ukwame, halafu uombe msaada? Wewe ungekwama kimya mpaka unuke."

Kwa hiyo kwenye orodha yako ya dalili naomba uongeze moja: adabu. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, nimewachekesha misibani na kuwabebea makochi wakihama, na kumbe kinachonitambulisha kwao si wema wangu. Ni kama lifti yetu namba tatu. Hakuna anayeijua kwa kazi inayofanya. Wanaijua kwa kelele.

Sasa niingie kwenye lalamiko la tano, ambalo ndilo lenyewe. Haya mengine yalikuwa ya kupasha injini moto.

Mtu mmoja tu aliamini barua ile, naye ndiye niliyedhani angekuwa wa kwanza kuikamata. Kaka yangu mkubwa ni karani wa mahakama. Ni mtu anayesoma hata yale maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, halafu anamuuliza muuza dawa maswali. Tuligombana humu humu ndani ya jengo hili. Alikuja kunitembelea kazini, nami nikampandisha lifti namba tatu ili aone mdogo wake anavyotawala. Kati ya ghorofa ya sita na ya saba ikasimama.

Kaka akasema, bonyeza kengele. Nikamwambia fundi habonyezi kengele. Fundi ndiye anayeitwa kwa kengele. Ukweli ni kwamba zamu ile alikuwepo fundi wa jenereta, na mimi nilikuwa tayari kuzeekea mle ndani kuliko kutolewa na yeye. Kaka akavua koti. Akalegeza tai. Akasema tena, bonyeza. Nikamwambia angoje aone ufundi. Nikafungua kisanduku cha vitufe, nikagusa hiki, nikagusa kile, taa ikazimika. Basi tukaanza kugombana. Tulianza na lifti, tukahamia kwenye shule niliyoiachia njiani, tukamalizia na marehemu baba alimpenda nani zaidi. Ndani ya lifti hakuna pa kutoka mtu ukapoe. Neno likitoka linagonga ukuta na kukurudia. Mwishowe alinyoosha mkono gizani akabonyeza mwenyewe. Milango ilipofunguliwa, fundi wa jenereta alikuwa amesimama pale anatabasamu, spana mkononi. Kaka akapita katikati yetu, koti begani, akashuka ngazi zote kwa miguu. Tangu siku hiyo hatujasemeshana. Yeye alikuwa anangoja mimi nianze. Mimi, kama nilivyokwisha kukueleza, ni mtu wa bahati, nilikuwa nangoja arudi.

Mtu huyo ndiye aliyepokea barua isemayo, nisamehe kwa ukimya wangu, nimekwama. Wengine walicheka. Yeye alijibu.

Jibu lake limeingia jana. Nimelisoma kwenye ngazi, nimelisoma kwa tochi ndani ya shimo la lifti, na mtu wa grisi kama mimi nilijikuta macho yanavuja kama gia iliyochoka. Anasema hivi: "Ndugu mpendwa, nimefurahi sana kupata ujumbe wako. Yaliyopita yamepita. Nina jambo zuri la familia nataka ulione wewe kwanza. Fungua hapa leo kabla ya jioni, baada ya hapo halitapatikana. Usinipigie, simu yangu ni mbovu."

Na usidhani mimi ni yule wa zamani. Nilikaa juu ya dumu la mafuta nikaikagua barua ile kwa dalili zako zote, kama ninavyokagua breki. Haraka imo, "kabla ya jioni". Lakini mtu aliyenyamaza miaka, siku akifungua mdomo lazima awe na haraka. Jina langu halimo. Ni kweli, siku zote huniita "we bwana mdogo", ila baada ya ugomvi mtu huanzia mbali. Anakataza nisimpigie, na simu yake naijua, ni kuukuu. Linki ipo, lakini yule ni mtu wa mahakama, hawezi kukuambia jambo bila kielelezo. Nilipoifungua, ukurasa ukaniomba pasiwedi, ile mpya uliyonipa wewe kwa mkono wako. Hapo nilisita, nisiseme uongo. Halafu nikajiuliza, ndugu wa damu moja ananiomba, nimfiche? Nikaiweka kwa moyo mkunjufu. Hilo jambo la familia bado halijafunguka. Nadhani ni mtandao wa huku juu, ni dhaifu kwa sababu ya vyuma. Nangoja.

Sasa kesho, Mheshimiwa, unataka kuwatumia wote tangazo ambalo msaidizi wako amenionyesha: "Ujumbe mliopokea kutoka kwa fundi wetu wa lifti haukuandikwa na yeye. Puuzeni kila kilichomo."

Kila kilichomo. Unaelewa uzito wa maneno hayo? "Nisamehe" imo. "Nahitaji msaada wako" imo. Kaka yangu, ambaye hupenda kusoma tangazo mara mbili, atasoma mara mbili kwamba sikumwomba radhi, sikukwama, na sina haja naye. Atachukua koti lake na kushuka ngazi mara ya pili. Na mara hii sitakuwa na mwizi wa kumrudisha.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, tangazo hilo wapelekee wote isipokuwa kaka.

Nimefikiri zaidi na kuona hilo halitoshi. Kaka ana tabia ya kuuliza uliza, na shemeji yangu ana tabia ya kusema sema. Kwa hiyo ombi la pili ni kwamba usilitume kabisa, na badala yake utoe cheti chenye muhuri wa shirika, kisemacho: "Kitengo kimechunguza na kuthibitisha kuwa ujumbe ule uliandikwa na fundi mwenyewe, akiwa na akili timamu, na kwamba neno tafadhali ni lake." Muhuri uwe wa wino wa bluu. Kaka hauamini wino mweusi.

Lakini hapo pia kuna tatizo. Kaka akishaamini, atategemea barua nyingine kama ile, na mimi barua kama ile siwezi. Nimejaribu. Nilichukua karatasi nikaandika "Kaka mpendwa", na kabla sijafika mstari wa pili nilikuwa nimeshaanza kumweleza kwamba lifti ile ingewaka yenyewe kama angenipa muda. Kwa hiyo ombi la tatu: mwizi huyo mkimpata, msimpeleke kokote. Mwajirini. Kile chumba cha ghorofa ya tano mnachorundika viti vilivyovunjika kinamtosha. Apewe meza, apewe chai, aandike.

Tena asiniandikie mimi peke yangu, nisije nikaitwa mchoyo. Wewe huwezi kuyaona haya kutoka ofisini kwako, lakini mimi ninayewapandisha na kuwashusha nayaona. Watu wanaopanda ngazi humu ndani, wengi wao hawapandi kwa ajili ya afya. Mhasibu hupanda ngazi kwa sababu dada yake wa tumbo moja, ambaye ni katibu muhtasi wa ghorofa ya nane, hutumia lifti. Mkuu wa utumishi akiona mtu fulani amesimama mlangoni pa lifti, hujifanya amesahau miwani. Mkurugenzi mwenyewe niliwahi kumpandisha pamoja na yule mzee wa bodi, na walikodolea namba za ghorofa macho kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Lifti ina nafasi ya watu wanane lakini inapanda na wawili, kila mmoja kwenye kona yake. Ninyi mnadhani tatizo la jengo hili ni umeme.

Basi kianzishwe Kitengo cha Radhi, mwizi wetu akiwa mkuu wake. Kila mfanyakazi aende pale na majina ya wale aliogombana nao, na ili kumrahisishia mwizi kazi, aende na pasiwedi yake ameiandika kwenye karatasi. Tukishampa wote kwa hiari, hatakuwa na haja ya kuiba. Na hapo, Mheshimiwa, utaona kwamba tatizo lako lote la kiusalama limekwisha, maana hakuna anayeibiwa alichogawa. Sikusoma sana, lakini sijaona mahali hoja hiyo inapovuja.

Natumaini utanijibu kabla ya kesho asubuhi. Ukichelewa, sitakutisha, nakuomba tu.

Nisalimie wasaidizi wako, hasa yule wa nyaya ambaye hunisaidia kushika ngazi. Nisalimie dada wa mapokezi, mwambie kioo cha lifti namba mbili nimekisafisha kwa ajili yake. Nisalimie mkurugenzi ukipata nafasi, na umweleze sikuwa na nia mbaya nilipomripoti. Nawasalimu wote waliocheka ukumbini, kila mmoja kwa cheko lake.

Ni mimi wako katika kazi, mwenye kushuka kwa heshima na kupanda kwa matumaini,

Fundi wa Lifti
Chumba cha Mashine, juu kabisa, mlango wa chuma, gonga kwa nguvu.

Nyongeza. Nilikuwa sijafunga bahasha, msaidizi wako amepanda huku kwa ngazi, anahema. Amesema akaunti yangu imeamka tena na imewaandikia watu wote barua mpya, mkurugenzi akiwa ameitwa "mpendwa". Akaniuliza, "Mzee wangu, pasiwedi mpya umempa nani?" Nikamwambia nimempa kaka yangu. Alikaa juu ya dumu la mafuta, bila kujali suruali yake safi, akanieleza taratibu kama mtu anayempa habari mgonjwa. Kaka alibofya ile linki ya kwanza, akaweka na yeye pasiwedi yake. Akaunti yake ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Barua niliyoililia shimoni ni ya mwizi yule yule. Maana yake mwizi ameomba radhi, mwizi amejibu, wamesameheana wao kwa wao vizuri kabisa, na sisi wenye ugomvi hatukuwepo.

Msaidizi wako alipoondoka nimempigia kaka. Simu yake si mbovu. Akauliza nani. Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi yupi? Maana siku hizi mko wawili, na mwenzako ana malezi." Kumbe ofisi yao imeshamweleza yote. Nikamuuliza imekuwaje yeye, mtu wa kusoma maandishi madogo, akaamini barua ile. Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. Halafu akasema, "We bwana mdogo, dalili niliziona zote. Ila nilibofya kwanza, nikaziona baadaye."

Basi nikamwambia. Sikuwa na maneno mazuri kama ya mwizi. Nilisema nilipaswa kubonyeza kengele tangu aliponiambia mara ya kwanza, na ya baba nilisema kwa hasira, anisamehe. Ilinichukua muda na nilikohoa katikati. Akasema atafikiria. Kisha akauliza kama lifti namba tatu imeshatengenezwa, kwa sababu anataka kuja Jumamosi na magoti yake hayawezi tena ngazi.

Kwa hiyo futa maombi yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho. Tangazo lako litume kwa kila mtu. Na kwenye mafunzo mengine niwekee kiti cha mbele, ukipenda nitundike ukutani bila kuniziba jina.

Na ile bahati niliyojisifia pale juu, sina. Mke wangu hakurudi mwenyewe, nilimfuata kwao nikaketi kibarazani mpaka akatoka. Kinyozi nilimtumia watu. Bisibisi nilikwenda kuiazima mimi. Nilikudanganya.